Nilivyokwenda Kisii Nyuma ya Baba Mkwe

Niliondoka nyumbani Sironga kwa sababu ya uongo. Nilisema kichwa kinaniuma, na hakikuwa kinaniuma. Kilichonipata hakikuwa na mahali pa kushikwa. Usingizi ulikuwa umenikimbia, ugali wa wimbi ulikuwa mdomoni kama majivu, na mtoto wangu wa pili akilia nilimsikia kama mtoto wa jirani. Nikipewa jembe, nilisimama nalo shambani mpaka jua likahama. Basi siku mama mkwe aliponiuliza mbele ya wanawake wa kanisa, "Wewe hasa unaumwa nini?" nilitafuta haraka kiungo cha mwili kisicho na aibu. Nikasema kichwa.

Ningesema nini kingine? Kwamba nina huzuni? Huzuni ya nini, na mume ana kazi, watoto wako hai, migomba imezaa? Wangesema imani yangu imelegea, au kuna mtu amenitupia kitu, au ninaingiwa na wazimu. Na kwetu ukishaitwa mwenda wazimu, jina hilo hulivui hata ukipona. Watoto wako wataposwa kwa shida. Lakini kichwa ni ugonjwa wa heshima, tena kina fundi wake.

Miaka hiyo, hamsini na kitu ikiwa bado michanga, mume wangu Makori alikuwa kwenye mashamba ya majani chai huko Kericho. Nami nilikaa naye kule kambini kabla sijazaa. Huko ndiko nilikokipatia Kiswahili, kwa sababu mlango huu ni Mluo, ule ni Mkipsigis, ule ni Mluhya, na chumvi ikiisha lazima muombane kwa lugha fulani. Nilipopata mimba nikarudishwa Sironga kwa wazazi wake, na Kiswahili changu nikakiweka kando kama nguo ya mjini. Hapakuwa na mtu wa kusema naye.

Sasa nieleze huyo fundi wa kichwa, maana wajukuu wangu hawaamini. Sisi Abagusii tuna watu tunaowaita omobari. Mtu akipigwa rungu, au akianguka kutoka juu ya mti, na kichwa kikakataa kumwachia kwa miezi, omobari humfungua ngozi, akaukwangua mfupa polepole mpaka ufa uishe, kisha akamfunga. Nimeona waliopona. Mama mkwe aliposikia kichwa alifurahi kabisa, akasema upande wa Birongo yuko mmoja mwenye mkono mwepesi. Nami sikukataa. Hebu fikirini hilo. Nilikuwa tayari kukwanguliwa fuvu kuliko kusema neno moja la kweli.

Alfajiri ya kuondoka, jambo likaharibika. Jirani yetu Kerubo, aliyekubali kunisindikiza, alituma neno kwamba mguu wake umevimba. Jana yake nilimwona akifukuza kuku mpaka mtoni. Nilielewa: habari zangu zilikuwa zimeshazunguka, na hakutaka kuonekana njiani na mimi. Mama mkwe hakuweza kwenda, kwa kuwa watoto wangu ndio walikuwa mikononi mwake. Alisimama mlangoni akimbembeleza mdogo, ambaye alikuwa ameshazoea maziwa ya ng'ombe, akanitazama, akamtazama mumewe aliyekuwa zizini, akasema, "Basi mtakwenda ninyi wawili." Alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Kwetu jambo hilo ni zito. Tuna kitu tunachokiita chinsoni. Ni aibu na ni heshima, vyote kwa pamoja, na kati ya mke na baba mkwe wake ndipo inapobana kuliko kwingine. Hagusi mkono wako. Haingii nyumbani kwako hata nyumba ikiungua, mpaka wewe utoke. Habari za mwili wako, kulala kwako, kuzaa kwako, yeye hana masikio nazo. Kuna wazee waliolegeza kamba kidogo, wakawa wanasalimiana na wake za watoto wao na kucheka. Wangu hakulegeza hata uzi. Katika miaka yangu yote pale alikuwa hajawahi kunielekezea neno moja kwa moja. Akiwa na la kuniambia, alimwambia mbwa.

Nasema kweli. Alikuwa na mbwa mwekundu aitwaye Askari, na maagizo yote ya nyumba yalimpitia. "Askari, ng'ombe leo watakunywa chini." Nami nilisikia, nikapeleka ng'ombe chini.

Hivyo ndivyo tulivyotoka Sironga. Yeye mbele na fimbo yake, mbwa katikati, mimi nyuma umbali wa mtu kurusha jiwe. Ukungu ulikuwa umekaa bondeni na njia ilikuwa imelowa. Nilikuwa nikitembea kidogo, nasimama. Kila niliposimama, naye alisimama huko mbele bila kugeuka, akitazama mashamba ya watu kana kwamba anataka kuyanunua. Kisha nasikia, "Askari, twende taratibu." Niliona aibu ya kucheleweshwa kwa mtu mzima na miguu yangu mwenyewe, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Jua lilipokuwa juu, tulikuwa tumevuka vilima na kuteremka upande wa Birongo. Siku ile ilikuwa ya soko. Wanawake walikuwa wamepanga mafungu ya ndizi na mboga za chinsaga kando ya njia, wakaniangalia mimi na yule mzee, wakainama kunong'onezana. Nilijifunika kitambaa mpaka machoni.

Kwa yule fundi tulipokelewa na uji. Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vinene na maneno mengi, amevaa koti la kizungu lisilo na kifungo. Aliniketisha kwenye kigoda uani. Baba mkwe alikwenda kusimama penye migomba akatupa mgongo. Fundi aliniambia kuwa lazima aone ngozi, akachukua wembe na maji ya uvuguvugu akaninyoa kichwa chote. Kisha akapaka samli vidoleni, akaanza kunipapasa, polepole, kama mwanamke anayetafuta jiwe ndani ya mtama.

"Nani alikupiga?" akauliza.

"Hakuna. Nilianguka."

"Wapi?"

"Mtoni."

"Ulianguka kifudifudi au chali?"

Sikuwa nimetayarisha hilo. Nikasema chali. Akabonyeza nyuma. "Hapa?" Nikasema hapo. Akabonyeza mbele. "Na hapa?" Nikasema na hapo pia. Akabonyeza kando ya sikio, nikasema pia. Vidole vikaacha kutembea.

"Mzee," akaita kuelekea migombani, "huyu kichwa chake ni kizima. Nikikata nitakuwa natafuta kitu ambacho hakipo." Kisha akainama, akaniambia mimi peke yangu, "Binti, watu huletwa hapa wameshikwa na wanaume wanne. Wewe umeniinamishia shingo mwenyewe. Kisu unakitakia nini?"

Nilijifunga kitambaa kwenye upara wangu. Nilichoona si nafuu. Niliona hasira kwamba hata huyu amenikataa, na aibu kwamba uongo wangu umeshikwa kwa vidole.

Baba mkwe alibaki na mgongo wake kwa muda mrefu. Nilingoja kusikia mbwa akiambiwa turudi nyumbani. Nilijua tukirudi nitarudi kwenye nini. Mto wetu wa chini ulikuwa umeanza kunipendeza, na si kwa sababu ya maji ya kuchota. Hilo hakuna aliyelijua duniani. Au ndivyo nilivyodhani. Mzee alikohoa, akasema, "Askari, kesho tutaendelea mpaka hospitali ya serikali." Tukaenda kulala kwa mjane mmoja wa ukoo wao hapo hapo Birongo, mimi na mjane ndani, yeye kwenye kibanda cha mbuzi.

Asubuhi yake tulishika njia ya Kiogoro, na hapo ndipo nilipoonja aibu iliyokomaa. Kwetu mwanamke aliyenyolewa upara ni mwanamke aliyefiwa. Kitambaa kilikuwa kikiteleza, na kila tuliyekutana naye alitua mzigo wake. "Pole, mama. Ni nani aliyekwenda?" Ningesema hakuna, wangeuliza kwa nini basi nimenyolewa. Nilikuwa naitikia tu, "Asante, tumeshapoa." Bibi mmoja alilia kabisa, akanishika mikono, akanipa ndizi mbili mbivu. Nilitaka kumwambia kwamba aliyekufa ni mimi, ila sijazikwa. Nilizipokea ndizi zake. Mbele yangu baba mkwe alikuwa amesimama, uso barabarani, na watu walimpa pole naye, naye akaitikia.

Karibu na Kiogoro lori la mfanyabiashara mmoja Mhindi likatupita, likasimama. Dereva alitoa kichwa. "Mzee, mgonjwa huyo? Pandeni hapa mbele na mimi, nyuma kumejaa." Pale mbele palikuwa na nafasi ya watu wawili, tena wembamba, paja kwa paja. Baba mkwe alilitazama lile benchi, akamtazama mbwa, akasema hapana. Dereva alidhani mzee anaogopa gari. Akacheka, akaondoka, tukabaki kwenye vumbi lake. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningekaa juu ya injini, lakini nilijua angalau jambo moja, kwamba hata yeye alikuwa amechoka.

Kiogoro tulimwacha Askari kwa binamu wa baba mkwe, tukanywa maziwa, tukaingia Kisii mchana. Mji ulikuwa maduka machache ya mabati na barabara nyekundu, na hospitali ilikuwa na baraza ndefu yenye mabenchi. Bila mbwa tulikuwa mabubu. Alikaa mwisho huu wa benchi, nami mwisho ule, na kati yetu wakakaa mtu mwenye jipu, mama na mapacha, na mzee mwenye kuku.

Zamu yetu ilipofika alitoka nesi mrefu, mweusi tii, jina lake Rispa, mtu wa upande wa ziwa. Kigusii hakukijua. Mkalimani wao siku hiyo alikuwa amekwenda maziko. Akamgeukia baba mkwe kwa heshima. "Mzee, unajua Kiswahili?"

Baba mkwe alitazama chini, akatikisa kichwa.

"Hata kidogo cha kunisaidia kutafsiri?"

Akatikisa tena. Kisha, akiwa bado anatazama sakafu, akasema kwa Kigusii, kwa hewa tu maana mbwa hakuwepo, "Mimi lugha ya hawa siijui. Aseme mwenyewe." Akageuza mgongo akakaa papo hapo barazani, chini ya dirisha.

Ndani ya chumba nilianza tena habari ya kichwa. Nilishaanza kuipenda, ilikuwa kama mtoto niliyemzaa. Nesi Rispa alinipima, akanifunua kope, akauliza kinauma wapi. Nikaonyesha huku, halafu kule. Aliweka kalamu mezani.

"Mama, mimi kwetu ni ziwani," akasema. "Ukoo wako siujui. Kanisani kwenu hutaniona, kisimani kwenu hutaniona. Yule mzee hajui tunachosema. Niambie."

Sijui kama nitaweza kulieleza hili kwa mtu ambaye ana lugha moja tu. Kwa Kigusii kila neno nililotaka kulitamka lilikuwa na mama mkwe wake na baba mkwe wake wamesimama mlangoni. Kiswahili hakikuwa na mkwe. Kilikuwa lugha ya kuombana chumvi. Nilifungua mdomo nikaona maneno yanatoka, mabovu mabovu, ya kambini. Nikasema silali. Nikasema mtoto wangu simpendi, namnyonyesha kama mtu anayelipa kodi. Nikasema sitaki mume wangu arudi, nisiguswe. Kila neno liliniunguza uso, na kila neno lilifuatwa na jingine.

"Unatamani kufa?" akauliza, kama anayeuliza kama natumia sukari.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "Ndiyo," nikasema. "Mto wa kwetu nimekuwa nikiutazama."

Nilingoja aruke, au aanze kuniombea, au aite watu wenye kamba. Aliandika. Kisha akavuta kiti chake karibu. "Huu ni ugonjwa," akasema. "Si dhambi na si wazimu wa kuokota makopo. Wanawake wengi huwashika baada ya kuzaa, na wanaume pia huwashika bila kuzaa. Unatibiwa. Lakini hurudi nyumbani leo."

Daktari Mzungu alikuja, akaniuliza yale yale kupitia kwake, akanisikiliza kuliko nilivyotarajia. Walinilaza. Walikuta damu yangu ni chache na tumbo lina minyoo, wakatibu hayo, na kila jioni nilipewa dawa ya kunilaza usingizi. Kitanda changu kilikuwa mbele ya meza ya manesi, na mlango wa nyuma sikuruhusiwa kuutoka peke yangu. Nesi Rispa alisema hayo wazi wazi: "Nakulinda mpaka utakapoweza kujilinda." Kila siku aliketi nami kitambo, akaniacha niseme au ninyamaze.

Wakati huo wote baba mkwe alikuwa amepanga kwa binamu yake Kiogoro. Hospitali ilitoa uji, lakini mgonjwa asiyeletewa chakula na jamaa alidharauliwa, na mimi sikuwa na mwanamke wa kuniletea. Kwa hiyo alileta yeye. Mzee mwenye mvi, mzee wa baraza la ukoo, akishika njia kila siku na chungu cha ndizi za kuchemsha kwenye kikapu cha kike. Alikiweka kwenye ngazi ya wodi, akabisha hodi moja, akaondoka kabla sijatoka. Mama wa kitanda cha pili aliniambia kwamba vijana wa Kiogoro walimpachika jina, Mke wa Wodi, na kwamba alikuwa akipita kati yao bila kugeuza shingo. Niliposikia nilijifunika blanketi mpaka kichwani. Aibu yangu ilikuwa ya kunitosha, sasa nikawa nimebeba na yake.

Sikupona kama mtu anayetoka gizani. Hakuna siku niliyosema leo nimepona. Ila asubuhi moja hodi ilibishwa, na kabla sijakifungua kikapu nilisikia harufu ya ndizi, nikazitaka. Nilikaa kwenye ngazi nikala chungu kizima kwa mkono. Nesi Rispa alinipita, akatabasamu.

Siku ya kuruhusiwa, mwezi uliokuwa mchanga tulipofika ulikuwa umezeeka na mwingine umeandama. Nesi Rispa aliniita mimi na baba mkwe barazani. Mkalimani hakuwepo tena, akasema basi nitafsiri mwenyewe. Kisha akamtazama mzee, akasema kwa Kiswahili taratibu:

"Asiachwe peke yake, hasa njia ya mtoni. Msimwambie ajikaze, maana angeweza angeshajikaza. Mumewe aitwe aje akae naye kidogo. Kila mwezi arudi hapa tumwone, hata akijisikia mzima. Na kila siku mtu mmoja, awe ni yule yule, amuulize kwa mdomo: leo iko? Na yeye ajibu kweli. Siku akisema iko na ni kubwa, mleteni siku hiyo hiyo."

Akaningoja. Baba mkwe naye akaningoja, macho chini. Nilifungua kinywa kwa Kigusii, na wale wakwe wote wakarudi mlangoni wakasimama. Ningemwambiaje mtu yule habari za mto? Nikasema, "Anasema ninywe dawa. Na nile mayai."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Nesi akatutazama mmoja mmoja. "Ni hayo tu kwa Kigusii?" akauliza. Nikamwambia Kigusii ni lugha fupi.

Safari ya kurudi, walikuwa wamekataza nisitembee mwendo mrefu. Tulimchukua Askari Kiogoro, na baba mkwe akasimamisha lori lililokuwa likielekea Nyamira kuchukua kahawa. Nyuma lilikuwa karibu tupu. Alipanda, akavuta gunia la mahindi la mtu akalisimamisha katikati ya sakafu, akakaa upande huu. Mimi nikakaa upande ule. Mbwa akalala miguuni pa gunia. Gunia lilikuwa refu kiasi kwamba niliona kofia yake tu, na hapo roho yangu ikatulia. Nilijisemea kuwa nimeponyoka. Yote yamebaki mjini, na Sironga hakuna atakayejua.

Tulipopita soko la Birongo, kofia ikasema kwa Kiswahili, "Wewe nadanganya mimi."

Nilidhani ni utingo. Nikageuka, hapakuwa na utingo.

"Sista nasema mtu auliza kila siku," kofia ikaendelea. "Wewe nasema mayai."

Nilihisi damu yote ikinipanda usoni. Nilifikiria yale ya mtoto, yale ya mume, mto, yote niliyoyamwaga yeye akiwa amekaa chini ya dirisha. Ningeruka nje ya lori kama si kwamba kuruka kulikuwa ndiko hasa walikokuwa wakinilinda nako. "Baba," nikasema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu, "Kiswahili umekijua lini?"

"Mimi kariakoo," akasema. "Vita ya Mjeruman. Mimi beba sanduku mpaka Tabora. Nasikia yote."

"Sasa kwa nini ulimwambia nesi hujui?"

Lori likaruka shimo. Alingoja likatulia.

"Kama mimi najua," akasema, "wewe nasema kichwa."

Nililia pale, na sikujificha, maana gunia lilikuwepo. Hakuninyamazisha. Tulipokaribia Sironga akaongeza jambo moja tu, kwamba mto aliujua tangu zamani, kwa kuwa mtu anayekwenda kuchota maji huwa anabeba mtungi. Ndiyo sababu mbwa alikuwa akinifuata kila jioni. Nilidhani ni uroho wa mbwa.

Nyumbani hakumweleza mtu yeyote kitu, ila Makori aliitwa kutoka Kericho akaja, akakaa mpaka mvua zikaanza, na mama mkwe alikatazwa kusema neno jikaze. Kisha, kila asubuhi, mzee alipokuwa akipeleka ng'ombe, alipita nyuma ya nyumba yangu mahali ambapo ukuta hauna dirisha, akagonga fimbo chini.

"Leo iko?"

"Iko, baba. Ndogo."

"Ndogo namna gani?"

"Ya kubebeka."

Akaenda. Siku nyingine nilisema haiko. Na kulikuwa na siku mbili tatu niliposema ni kubwa, na hakuuliza zaidi; alikwenda barabarani kusimamisha lori. Watu walipomuuliza kwa nini anasema Kiswahili na ukuta, aliwaambia anafundisha ukuta. Chinsoni haikuvunjwa hata mara moja. Hakuwahi kamwe kunigusa mkono.

Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo, na nitakisema kama kilivyo. Aibu haikuniisha. Naandika haya nikiwa nayo, na kuna mistari niliyoifuta mara mbili. Lakini nilijifunza kwamba mgonjwa wa namna ile hahitaji kuondolewa aibu kwanza ndipo aseme. Apewe tu mahali pa kuisemea akiwa nayo, na mtu wa kuuliza bila kuruka. Dawa nilipewa, nazo zilinisaidia, na kliniki nilirudi mpaka waliponiambia basi. Ila bila lile swali la ukutani sijui.

Miaka ikapita, mama mkwe akafariki. Mzee akakaa msibani vizuri kama desturi, akamaliza, akarudi kwenye ng'ombe. Kisha nikaona ng'ombe wanachelewa kutoka. Nikaona uji unarudi jikoni umeganda. Wanawe walisema ni uzee, na kanisani walimwombea nguvu. Makori, ambaye sasa alikuwa amerudi nyumbani kabisa, alipomuuliza anaumwa nini, alijibu kuwa ni mgongo.

Nikakumbuka kichwa changu. Kesho yake, kabla ya jua, nilikwenda nyuma ya nyumba yake, mahali ambapo ukuta hauna dirisha. Sikuwa na fimbo, nikagonga kwa mwiko.

"Baba," nikasema. "Leo iko?"

Nilisikia kitanda kikilia, nikasikia akikohoa kama anayetafuta mbwa wa kumwambia, na Askari alikuwa amekufa zamani.

"Iko," akasema.

"Ndogo?"

"Kubwa."

Nilimwamsha Makori awashike ng'ombe. Kisha nikachukua gunia la mahindi ghalani, nikaliburuta mpaka barabarani, nikakaa kando yake kungoja lori la Kisii.